Ruta ya uani isitafsiri anwani mara ya pili

Haya nawaandikia mafundi wanaofunga intaneti kwenye nyumba za kupanga hapa Dar, pamoja na wenye nyumba wanaowalipa. Ombi langu ni moja: tafsiri ya anwani, yaani NAT (ruta kubadilisha anwani za vifaa vya ndani ziwe anwani yake yenyewe), ifanyike mara moja tu ndani ya nyumba, kwenye ruta iliyoungwa na mtoa huduma. Ruta nyingine kazi yake iwe kusambaza waifai, basi.

Iwe Sinza, Tabata au Kijitonyama, mtindo ni uleule. Mwenye nyumba ana laini ya intaneti, wapangaji wa vyumba vya uani wanachangia bili. Waifai haifiki nyuma, kwa hiyo inanunuliwa ruta ya pili Kariakoo, waya unapitishwa juu ya dari na kuchomekwa kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti. Taa zikiwaka na simu ikafungua mtandao, fundi anachukua chake anaondoka. Kuanzia hapo nyumba ina NAT mbili, moja nyuma ya nyingine.

NAT yenyewe sina ugomvi nayo. Anwani za IPv4, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, kwa dunia nzima ni takriban bilioni 4.3, na akiba kuu iliisha Februari 2011. Tangu ilipoelezwa kwenye waraka wa kiufundi wa RFC 1631 mwaka 1994, NAT imewezesha nyumba nzima kutumia anwani moja ya nje, kama shule nzima inavyopokea barua kupitia S.L.P. moja. Ruta inaweka kumbukumbu ya kifaa gani kimetuma nini kupitia poti (namba ya mlango) ipi, ili jibu likirudi lifike kwa mwenyewe.

Kasoro ni kwamba ruta ya uani nayo inafanya hivyohivyo. Ikishatafsiri, ruta kubwa sebuleni haioni tena simu nane za wapangaji. Inaona kifaa kimoja. Kijana mmoja akianza kushusha filamu jioni, ruta kubwa haina namna ya kumpunguzia kasi yeye peke yake. Ukibana, umebana uani kote.

"Shikamoo mama, mtandao umekuwa mzito tena."

"Marahaba mwanangu. Mbona kwangu uko sawa?"

Wote wawili wanasema kweli, na hakuna anayeweza kuonyesha nani anakula kasi ya wenzake. Watu wanaochanga fedha sawa wanastahili kujua. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu lawama zinaangukia watu wasiohusika, na wengine wanaacha kuchanga.

Kuna wanaoitetea ruta ya pili kwamba inalinda vifaa vya mwenye nyumba. Hapana, inafanya kinyume. Aliye nyuma ya ruta ya uani anaweza kufikia printa ya sebuleni au kinasa cha kamera, maana kwa ruta yake huko ni njia ya kwenda nje. Anayezuiwa ni mwenye nyumba asione vya uani. Ukitaka kutenganisha, washa mtandao wa wageni, au kama vifaa vinakubali, gawa kwa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya vifaa vilevile. Hizo ndizo njia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Tena, watoa huduma wengi nao wanatafsiri upande wao. Ukikuta ruta kubwa imepewa anwani ya nje kuanzia 100.64 hadi 100.127, ujue hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa matumizi hayo. Hapo mpangaji yuko nyuma ya NAT tatu, na akitaka kufungua poti ili aingie kwenye kompyuta yake akiwa kazini, hafiki popote.

Marekebisho hayahitaji kifaa kipya. Ingia kwenye ruta ya uani, ipe anwani isiyotumika kwenye mtandao wa ruta kubwa, mathalani 192.168.1.2 kama kubwa ni 192.168.1.1, kisha zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani. Hamisha waya kutoka tundu la WAN, uchomeke kwenye tundu mojawapo la LAN, yaani la mtandao wa ndani. Ruta nyingi za sasa zina chaguo la akses pointi (kusambaza waifai tu) linalofanya yote hayo kwa mkupuo. Kwa wanaotumia ruta za MikroTik kama ruta kubwa, sheria ya masquerade, ile inayofanya NAT, itaje tundu la kutokea. Bila hivyo hata mawasiliano ya ndani yanaweza kutafsiriwa na usijue nani ni nani.

Mwenye nyumba, kabla hujatoa hela, mwambie fundi mwende wote chumba cha mwisho uani, muunganishe simu, kisha mfungue orodha ya vifaa kwenye ruta ya sebuleni. Simu hiyo ionekane pale kama kifaa kinachojitegemea, na anwani yake. Isipoonekana, kazi haijaisha.