Suti ya Kaunda bungeni: Spika hakukosea katika yote

Spika wa Bunge la Kitaifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipotangaza tarehe 28 Novemba 2023 kwamba suti za Kaunda, yaani zile za koti lisilohitaji tai, na mavazi ya kiasili ya Kiafrika hayataruhusiwa tena katika ukumbi wa bunge, kicheko kilitangulia hoja. Mwanamume aje na koti, tai, shati la ukosi lenye mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu; mwanamke asiingie na blauzi isiyo na mikono, na sketi yake ipite magoti. Wengi waliona katika agizo hilo mtumishi ambaye bwana wake aliondoka mwaka 1963, naye bado anaipiga pasi nguo ya bwana huyo.

Lawama hiyo ina uzito wake. Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia tangu 1964 hadi 1991, alilipa vazi hilo jina na pia heshima ya kizazi kilicholeta uhuru. Kule Dodoma, katika Bunge la Tanzania, wabunge huketi kwa suti za ukosi mfupi, wengine kwa kanzu, koti na kofia, na miswada hujadiliwa kama kawaida. Isitoshe, kanuni za mavazi zina desturi mbaya ya kuwaelemea wanawake: Juni 2021 ilikuwa Dodoma hiyo hiyo ambako mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini kwa sababu ya suruali yake.

Hata hivyo, mjadala ulijikita mno katika asili ya vazi, ukapita haraka juu ya aliyelivaa. Ukiulizia asili, jibu halimfurahishi yeyote, kwa maana suti ya safari, ambayo ndiyo mzazi wa suti ya Kaunda, ilivaliwa na wawindaji na maafisa wa kikoloni kabla ya kuvaliwa na wapigania uhuru. Swali lenye manufaa ni lile ambalo mwananchi hujiuliza bila hata kulitamka: huyu, amevaa hivi, ananiambia nini? Kaunda na Nyerere walipovaa suti isiyohitaji tai, ujumbe ulikuwa kwamba kiongozi amejinyima pamoja na watu wake. Mwaka 2023 vazi hilo lilimwelekeza mtazamaji kwa mtu mmoja, Rais William Ruto, aliyeonekana nalo mara kwa mara kwa rangi na mishono mbalimbali, katika mwaka uleule ambao kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mtu anayehesabu nauli kila asubuhi huhesabu na suti za rais, hata kama hesabu hiyo si ya haki.

Kisha viongozi waliomzunguka rais wakaanza kuvaa kama yeye, na hapa ndipo agizo la Spika linapostahili kusikilizwa kwa utulivu kuliko lilivyosikilizwa. Mbunge amechaguliwa, pamoja na mengine, ili aikague serikali. Akiingia ukumbini amevaa kama mkuu wa serikali hiyo, amekwisha kutuambia kura yake itaangukia wapi kabla hoja haijawasilishwa. Wazee wa Kongo wanalifahamu jambo hili kuliko sisi. Katika miaka ya 1970 rais wao, Mobutu, alileta abacost, jina lililotokana na Kifaransa kwa maana ya "suti ishindwe", kama vazi la Mwafrika aliyejikomboa. Tai ikapigwa marufuku, na haikurudi mpaka 1990, mfumo wa chama kimoja ulipolegezwa. Kwa miaka mingi, nguo iliyonadiwa kuwa ya ukombozi ilitumika kumtambua anayemtii rais na asiyemtii. Kenya haikuwa imefika huko, wala sidai kwamba ilikuwa njiani. Ila hakuna sheria inayohitajika ili vazi la mkubwa liwe sare, maana wanaotafuta uteuzi hujishonea wenyewe.

Ubora wa tai na koti jeusi, kwa mtazamo huu, ni kwamba vinachosha macho na havina mwenyewe. Hakuna chama nchini Kenya kinachoweza kudai kwamba koti jeusi ni lake.

Ni kweli kwamba Spika mwenyewe hakuitoa hoja hii. Alizungumzia mitindo inayotishia kanuni za bunge, na kwa kuwa alikuwa kinara katika muungano uleule wa rais, labda asingeweza kusema zaidi. Alikosea pale alipolifunga vazi la kiasili katika furushi moja na suti ya Kaunda, kwa sababu mbunge wa Samburu aliyevaa shanga za kwao hamwigi mtu Ikulu. Agizo lingekataza sare ya utiifu, iwe suti au kofia ya chama, na kumwacha huyo aingie na shanga zake.