Nyumba ya babu mtaani Kamalondo: kuinunua kwa ndugu au kuiacha ivunjwe

Fundi mwashi alisukuma bisibisi ukutani, chini ya dirisha la sebule. Ikazama hadi kwenye mpini, na udongo mwekundu ukamwagikia viatu vyake. Akapanda ngazi, akagonga ukuta ule ule karibu na paa. Huko juu tofali lililia kama chungu kizima. "Kuanzia hapa kwenda juu ni nyumba," aliniambia. "Chini ya hapa mumebakiza maji."

Nyumba hiyo ni ya babu yangu, katika mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo. Matofali yake yalitoka kwenye udongo wa kichuguu na kuchomwa kwa kuni, kama yanavyochomwa mpaka leo pembezoni mwa mji. Babu alifariki mwaka 1994 na hakuna aliyegawa kitu. Sasa amejitokeza mfanyabiashara anayetaka parseli, yaani kiwanja. Nyumba yenyewe haimhusu: ataivunja ajenge ghorofa yenye maduka chini. Baadhi ya ndugu wanasema tuuze tugawane. Wengine wanasema mmoja wetu awalipe wenzake, aitengeneze, akae. Mimi ndiye ninayetazamwa, kwa hiyo nimelipima jambo hili kwa miezi, na najua familia nyingi za mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya na Katuba zinalipima pia.

Wanaotaka kuuza wana hoja nzito. Mmoja yuko Kolwezi, wawili Kinshasa, mmoja ana mtoto anayesubiri karo ya chuo. Kwao ile nyumba ni fedha iliyokwama ukutani. Tena, nyumba mpya unaweza kuihesabu kabla hujaanza: matofali mangapi, mifuko mingapi ya simenti, mabati mangapi. Nyumba kuukuu haihesabiki hivyo. Unabandua plasta ya chumba kimoja, unakuta mhimili wa mlango umeliwa na mchwa. Unagusa mhimili, dari inashuka. Anayedhani kutengeneza ni rahisi kuliko kujenga hajawahi kushika nyundo katika nyumba ya umri huo.

Yale maji ya chini nayo yana historia yake. Miaka yote hii ua umekuwa ukipanda: majivu, kifusi, udongo wa barabara kila ilipotengenezwa. Leo ua uko juu ya sakafu ya sebule kwa kimo cha kiganja, na mvua za Novemba hadi Machi zinaingia ukutani kutoka nje. Mjomba mmoja aliliona tatizo zamani, akapiga plasta ya simenti ngumu kuanzia chini hadi madirishani. Alikuwa na nia njema, ila simenti ilifunga unyevu ndani ya tofali laini, nalo likaoza taratibu nyuma ya plasta nzuri. Dawa ni kuchimba ua ushuke, kuweka mfereji wa kutoa maji, kubandua simenti ile, kubadilisha matofali yaliyokufa, na kuacha ukuta ukauke kiangazi kizima kabla ya kupiga plasta ya chokaa. Kiangazi kizima cha kusubiri ni kitu ambacho wachache wetu tunakiweza.

Paa ni eterniti ya zamani, karatasi za saruji zenye asbesto. Vumbi lake husababisha saratani, ambayo hujitokeza miaka mingi baadaye. Karatasi hizo hazikatwi kwa msumeno mkavu wala hazivunjwi kwa nyundo huku watoto wakicheza uani. Zinaloweshwa, zinafunguliwa nzima nzima, na fundi anafunika pua kwa barakoa ya kweli, kitambaa hakitoshi. Anayenunua ili avunje atakutana na hatari hiyo hiyo, na mvunjaji mwenye haraka ndiye atakayewapulizia majirani.

Hata hivyo, mimi naegemea upande wa kuinunua. Fungu langu la mauzo lingenipatia kiwanja mbali sana, mahali ambapo nguzo za umeme na bomba la maji havijafika. Kutoka Kamalondo unafika katikati ya mji kwa miguu, na vyumba viwili vya mbele vinaweza kupangishwa kwa duka. Siku za mechi kwenye uwanja wa Mazembe gari haliingii mtaani, kelele ni nyingi, lakini shangazi yangu huuza maji na karanga mlangoni hadi usiku.

Halafu kuna lile ambalo fedha hailipimi. Kamalondo ndiyo cité, yaani mtaa wa Waafrika, ya zamani kuliko zote hapa. Enzi ya Wabelgiji iliitwa Albert, ikatengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda mtupu ulioitwa zoni nyutre. Mtu mweusi hakuweza kuweka mizizi ng'ambo ile, akaiweka huku. Na mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipoachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa mpango wa Benki ya Dunia, kwa nyumba nyingi za Katanga paa la baba ndilo lililobaki kuwa pensheni. Shangazi, ambaye amekaa kwenye ile nyumba tangu ndoa yake ivunjike, alituuliza kikaoni kuhusu matanga: "Mukiuzisha kwetu, kilio tutakilalia kwa nani?" Hakuna aliyemjibu.

Kinachonitisha kuliko ukuta ni karatasi. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ni ya Dola; raia anapewa haki ya kudumu juu yake, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili peke yake. Sisi tuna livreti tu, kijitabu cha nyumba cha babu kilichochakaa. Anayewalipa ndugu kwa mkono, bila hati, amewalipa hewa. Na ndugu mjanja akijiandikishia cheti peke yake kimyakimya, ikipita miaka 2 wenzake hawawezi tena kukiangusha, watabaki kudai fidia tu.

Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na mtoto aliyefariki anawakilishwa na watoto wake. Babu alikuwa na watoto sita. Watatu wamefariki. Mwaka 1994 zingetosha saini sita za watoto. Leo, kwa upande huo peke yake, zinahitajika 14. Wanaosema "tuache kwanza, tutaona" wanadhani hawajachagua, kumbe kila msiba unaongeza watu wa kukubaliana nao mezani. Kuuza mwaka huu ni afadhali kuliko kuacha miaka kumi mingine.

Kwa hiyo nimewaambia ndugu: nanunua, lakini sinunui hata kopo la rangi kabla ya hati ya mgawanyo kusainiwa na wote mbele ya mthibitishaji. Bei ameipanga mpimaji asiye wa ukoo. Shangazi anabaki na chumba chake maisha yake yote, na hilo limeandikwa. Limeandikwa pia kwamba ua utafunguliwa kwa kilio cha mtu yeyote wa ukoo, aliyelipwa fungu lake au asiyelipwa.

Saini 11 zipo. Tatu za Kinshasa bado. Mfereji tumeshauchimba, kwa kuwa mvua zimekaribia, na jumapili iliyopita fundi alirudi na bisibisi yake. Ilizama nusu.