Natii, ila sitekelezi: baraza lililotawala Amerika kwa karatasi

Kuna hoja moja isiyokosekana yanapozungumzwa makoloni ya Uhispania: kwamba wafalme walitunga sheria nzuri za kuwalinda wenyeji wa Amerika, ila bahari ilikuwa pana, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi siikubali. Fimbo ile ilifika mbali sana. Tuulize ilimpiga nani na ikamkwepa nani.

Aliyekabidhiwa fimbo hiyo ni Baraza la Indias, Consejo de Indias, maana Indias ndilo jina Wahispania walilozipa milki zao za ng'ambo. Mfalme Carlos V wa Uhispania aliliunda rasmi mwaka 1524, akamweka García de Loaysa, Mdominiko aliyekuwa padri wake wa kitubio, kuwa rais wa kwanza. Wajumbe walikuwa wachache, wengi wao wanasheria waliosomea vyuo vikuu, na walihamahama na makao ya mfalme hadi yalipotulia Madrid mwaka 1561. Watu hao wachache walikuwa watunga sheria, wizara na mahakama ya rufani kwa mpigo. Walipendekeza nani awe makamu wa mfalme, nani jaji, nani askofu. Himaya yao ilianzia Mexico hadi Chile, baadaye ikaongezeka Ufilipino. Barua ya Manila ilipanda meli hadi Acapulco, ikavuka Mexico kwa nchi kavu hadi Veracruz, kisha ikangoja msafara wa meli za kwenda Sevilla. Kuandika na kujibiwa ilikuwa kazi ya miaka.

(Kwa wanaojiuliza: ndiyo, Felipe II, bwana wa baraza hili, ndiye pia aliyekuwa mfalme wa Ureno Fort Jesus ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Lakini mambo ya Wareno yaliendeshwa kando, na pwani yetu haikuwa chini ya Baraza la Indias. Wareno peke yao walitosha.)

Wengi wa wajumbe wa karne ya 16 hawakuwahi kukanyaga Amerika. Juan de Ovando alipoanza kulikagua baraza mwaka 1567 aliukuta ukweli wa aibu: watawala hawakuzijua nchi walizozitawala, wala hawakuzijua vizuri sheria zilizotoka mikononi mwao wenyewe. Akapewa urais mwaka 1571, akataka kila kitu kiandikwe. Mwaka 1577, yeye akiwa ameshafariki, ilisambazwa karatasi iliyochapwa yenye maswali 50: mji wenu unaitwaje na kwa nini, watu wameongezeka au wamepungua, chumvi mnaipata wapi. Majibu yalirudi na ramani, baadhi zimechorwa na wenyeji kwa mtindo wa mababu zao, nyayo zikionyesha njia na alama za vilima zikitaja majina ya miji. Ni hazina. Baraza lilizitunza kuliko lilivyozitumia, lakini walau tusiseme tena kwamba hawakuwa na habari.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1542. Kwa shinikizo la padri Bartolomé de las Casas na wenzake, mfalme alitoa Sheria Mpya: wenyeji wasifanywe tena watumwa, na encomienda, yaani haki ya Mhispania kupokea kodi na kazi za vijiji alivyogawiwa, isirithiwe tena. Mwaka huohuo baraza lenyewe lilikaguliwa, na mjumbe Diego Beltrán akafukuzwa kwa rushwa. Mpaka hapo, hongera. Ila Blasco Núñez Vela, makamu wa kwanza wa mfalme Peru, alipoishikilia sheria neno kwa neno, walowezi waliasi chini ya Gonzalo Pizarro, na Januari 1546 wakamkata kichwa kwenye uwanja wa vita wa Añaquito. Kule Mexico, mjumbe wa baraza aliyetumwa kuitekeleza, Tello de Sandoval, alipima upepo, akaisimamisha. Kabla hata Núñez Vela hajauawa, mwaka 1545, mfalme alikuwa ameshafuta kipengele kile cha urithi.

Kulikuwa na njia ya kistaarabu zaidi ya kuikwepa amri. Ofisa aliipokea barua ya mfalme, akaibusu, akaiweka juu ya kichwa chake kwa heshima, kisha akatamka: *obedezco pero no cumplo*, natii ila sitekelezi. Halafu akaandika kueleza sababu. Hoja ya kisheria ilikuwa kwamba mfalme hawezi kukusudia dhuluma, hivyo amri iliyotolewa bila kujua hali halisi ingoje ufafanuzi. Wapo wanahistoria wanaouona utaratibu huu kuwa hekima, na nawaelewa. Yeyote aliyewahi kupokea waraka wa makao makuu uliotungwa na mtu asiyeijua wilaya yake atawaelewa pia.

Lakini ni nani aliyeruhusiwa kuitamka kauli ile? Katika miaka ya 1570 makamu wa mfalme Peru, Francisco de Toledo, alipanga mita, yaani kazi ya lazima ya zamu, kwa migodi ya Potosí, katika Bolivia ya leo: wilaya za milimani zitoe takriban mtu mzima mmoja kati ya saba kila mwaka akachimbe madini ya fedha. Watu walitembea wiki nyingi na wake zao, watoto na llama, wanyama wao wa mizigo. Hakuna mwanakijiji aliyeweza kuibusu amri hiyo, akaiweka kichwani na kusema natii ila sitekelezi. Yeye alibaki na njia moja tu, kukihama kijiji chake aishi kama mgeni kwingine ili jina lake litoke kwenye daftari, na wengi walifanya hivyo. Kwake fimbo ilitoka Madrid hadi mlangoni, bila kuchelewa njiani.

Baraza lilijua. Malalamiko yalifika kizazi hadi kizazi. Kufikia 1670 hata makamu wa mfalme mwenyewe, Conde de Lemos, alishauri mita ifutwe. Haikufutwa. Badala yake tulipata mkusanyo mkubwa wa sheria za Indias wa mwaka 1680, vitabu 9, sheria zaidi ya 6,000, nyingi zikiwa na maneno mazuri juu ya wenyeji. Miaka saba baadaye taji likaanza kuuza hadi viti vya majaji wa mahakama kuu za Amerika.

Jambo moja nalisifu bila kigugumizi, nalo ni residencia: ofisa akimaliza muda wake, hachomoki mpaka asikilizwe kila mwenye lalamiko dhidi yake. Wengi walihonga wakapona, lakini utaratibu wenyewe ungefaa popote.

Mita ilifutwa kisheria mwaka 1812, na waliofuta hawakuwa baraza. Lilikuwa bunge lililoketi Cádiz, Uhispania, ambamo kwa mara ya kwanza waliketi wawakilishi kutoka Amerika. Mmoja wao, José Joaquín de Olmedo wa Guayaquil, katika Ekuado ya leo, ndiye aliyesimama kuipinga. Mwaka huohuo bunge lilifuta pia Baraza la Indias. Karne mbili na nusu za ripoti na ramani hazikufanya kilichofanywa na watu hao ndani ya miaka miwili ya kuketi. Mfalme Fernando VII aliporudi kwenye kiti mwaka 1814 alilivunja bunge, akalirudisha baraza. Mwaka 1824 jeshi lake likashindwa Ayacucho, Peru, na bara lote likaondoka. Baraza, likiwa limebaki na Cuba, Puerto Rico na Ufilipino, liliendelea kujadili mafaili hadi 1834.