Kung'oa injini ya Silver Cloud: hoja za pande mbili

Mwaka 1958 David Ogilvy aliandika tangazo la Rolls-Royce Silver Cloud ambalo watu wa matangazo wanalitaja hadi leo: gari likikimbia maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Mwaka 2020 kampuni ya Lunaz ya Silverstone, Uingereza, ikatangaza kuwa itayang'oa injini magari hayohayo na kuyawekea mota na betri, kwa bei ya kuanzia pauni 350,000 kabla ya kodi. Wapenzi wa magari ya kale wamevutana sana juu ya jambo hili.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Charles Rolls mwenyewe, mwaka 1900, miaka minne kabla ya kukutana na Henry Royce, mwasisi mwenzake wa Rolls-Royce, alisifu magari ya umeme kwamba hayana kelele, harufu wala mtikisiko. Alichokiona kinakosekana ni vituo vya kuchajia. Tena Silver Cloud, iliyotoka kiwanda cha Rolls-Royce cha Crewe, Uingereza, mwaka 1955, bodi yake iliyochorwa na J.P. Blatchley imekaa juu ya fremu inayojitegemea, kwa hiyo fundi anaweza kubadili mengi chini bila kulikata umbo. Na gari lisiloendeshwa huharibika: mpira hukauka, breki hushika kutu. Mwenye gari akilitumia kila wiki kwa sababu ya mota, basi amelipatia maisha ambayo banda lisingelipatia.

Hoja ya hewa safi, hata hivyo, hainishawishi sana. Magari haya ni machache, kama 7,000 tu yaliyotengenezwa, na mengi hutembea kwa nadra. London yenyewe imeyasamehe magari ya kihistoria yaliyovuka miaka 40 tozo yake ya hewa chafu.

Upande wa pili wapo FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale. Msimamo wao wa mwaka 2019 ni kwamba gari lililogeuzwa kuwa la umeme si la kihistoria tena. Wanashauri, kama ni lazima, kazi ifanywe kwa namna inayoweza kurudishwa nyuma, na vifaa vya asili vitunzwe. Ugumu wake unaonekana ukitazama breki. Kifaa kinachoongeza nguvu ya breki za Silver Cloud huzungushwa na gia. Ukiondoa gia ili kuweka mota, umeondoa na breki kama zilivyobuniwa, na lazima utafute mfumo mwingine. Kitu kimoja kinavuta kingine, mpaka kinachobaki cha mwaka 1955 ni bati, mbao na ngozi.

Lakini kinachonigusa zaidi ni ukimya wenyewe. Mota ya umeme ni kimya kwa asili yake, haihitaji kubembelezwa. Injini ile ya lita 4.9, silinda sita kwenye mstari mmoja, inalipua petroli maelfu ya mara kwa dakika, na mafundi wa Crewe waliituliza mpaka abiria akasikia saa. Huo ndio ufundi ulionunuliwa. Ukiweka mota, ukimya unabaki, ila kazi ya mikono ile imeondoka.

Kwa hiyo ningetofautisha gari na gari. Silver Cloud ya toleo la kwanza, yenye silinda sita na iliyo nzima, isiguswe. Kwa pauni 350,000 injini yake ingeweza kufumuliwa na kusukwa upya zaidi ya mara moja. Zile za tangu 1959 zenye V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 6.2 nazo zina haki yao, kwani kizazi cha injini hiyo kiliendelea kutengenezwa Crewe hadi mwaka 2020, ndani ya gari la Bentley Mulsanne. Ila gari lililokwisha kupoteza injini yake, au lililookotwa likiwa gofu, sioni dhambi kuliwekea betri. Ni bora litembee. Na kama injini ya asili ipo, hata ikiwa imepasuka, ifungwe kwenye sanduku na namba yake, iuzwe pamoja na gari kila linapobadili mikono.