Kakao si kakao tu: tuandikieni kwenye kifuko

Kuna jawabu moja linanichoma roho kila nikilisikia madukani pale Darajani, mjini Unguja. Unauliza, "Ami, hii kakao ya asili au iliyotiwa alkali?" Unajibiwa: "Kakao ni kakao tu, mwanangu. Wataka robo au nusu?" Wiki iliyopita aliyejibiwa hivyo mbele yangu alikuwa mtoto wa kike anayepikia watu keki za harusi, na oda ameshaichukulia pesa. Akanunua nusu kilo kwenye kifuko cheupe kisicho na herufi hata moja, akaondoka.

Jamani, kakao si kakao tu. Unga wa asili ni kokwa zilizochachushwa, zikaanikwa, zikakaangwa, zikakamuliwa mafuta na kusagwa, basi. Hiyo ina tindikali. pH yake, yaani kipimo cha tindikali ambacho katikati yake ni 7, ni kama 5.5. Ukiigusisha kwenye ulimi unapata uchungu wenye uchachu, na rangi yake ni ya udongo mkavu. Ya pili imepitishwa kwenye alkali, kinyume cha tindikali, mara nyingi potasiamu kaboneti, mpaka pH ikafika 7 au 8. Mtindo huu ni wa Uholanzi tangu karne ya 19, na anayetajwa nao ni Coenraad van Houten, wa ukoo ule ule uliopata hataza ya mashine ya kukamulia mafuta ya kakao mwaka 1828. Alkali inaipoza ladha, inaukoleza weusi na inaufanya unga uchanganyike na maji bila kusumbua.

Sasa njoo jikoni. Bekingi soda haifanyi kazi peke yake, inataka tindikali ndiyo itoe gesi ya kuifurisha keki. Resipi nyingi za keki ya chokoleti zinazotumia soda zinategemea tindikali ya kakao ya asili. Ukitia iliyopozwa kwa alkali, na humo hamna maziwa mabivu, siki wala ndimu, soda inakosa mwenzake. Keki inalala katikati, inakuwa nzito, na ile soda iliyobaki inaleta ladha ya sabuni inayoganda mdomoni hata baada ya chai. Hakuna krimu ya kuifunika ladha hiyo. Kinyume chake si kibaya sana: kakao ya asili kwenye keki ya bekingi pauda, ambayo ina tindikali yake ndani, itafura, ila itakuwa na uchachu kidogo na rangi hafifu.

Ndiyo maana hasira yangu iko kwenye kile kifuko. Mfuko mkubwa uliotoka kiwandani umeandikwa kila kitu: kama imetiwa alkali, pengine kwa namba E501 tu, yaani ile potasiamu kaboneti, asilimia ya mafuta, na tarehe ya mwisho. Muuzaji anauchana, anachota, anapima, anafunga, na maandishi yote yanabaki nyuma ya kaunta. Mwezi ujao analeta mfuko wa kiwanda chengine, anachotea kwenye pipa lile lile. Mpishi aliyefanya kila kitu kama siku zote, mayai yale yale, mchapo ule ule, moto ule ule, anaitoa keki imebonyea na hajui kosa liko wapi. Analaumu jiko, analaumu mayai, na kuna wenye kusema ni kijicho. Siagi imekwenda, gesi imekwenda, na mwenye harusi hamrudii tena. Wanawake wangapi hapa mjini wanasomesha watoto kwa keki? Hasara hiyo haimgusi aliyeuza kifuko.

Na sisi ni watu wa karafuu! Pemba hakuna mtu anayeweza kuuziwa makonyo, vile vijiti vya karafuu, akaambiwa ni karafuu. Daraja la kwanza linajulikana, la tatu linajulikana, na bei inafuata. Uangalifu ule ule nautaka kwenye kakao.

Nakubali kwamba wanaopima rejareja wanatusaidia, maana mfuko wa kilo 25 mimi siumudu. Lakini kalamu inagharimu nini? "Asili" au "alkali", na tarehe. Maneno mawili.

Mpaka watakapoandika, jipimie mwenyewe. Koroga kijiko cha kakao kwenye maji moto kidogo, kisha nyunyiza bekingi soda kwa ncha ya kijiko. Ya asili itatoa vipovu na rangi itazidi kukoza hapo hapo. Ya alkali itatulia tu. Ukigundua unayo ya alkali na resipi inataka soda, ondoa soda utie bekingi pauda, kiasi mara tatu yake, kwa sababu soda ina nguvu zaidi. Au bakisha soda na ubadilishe maziwa, utie mabivu.

Ile nyeusi tititi inayopendwa kwa picha imetiwa alkali nyingi mno. Rangi inayo, ladha ya chokoleti kidogo, na mara nyingi keki inatoka kavu. Ichanganye na nyengine, usiitie peke yake. Mafuta nayo yaangaliwe: unga wa kawaida una asilimia 10 hadi 12, ulio bora 20 na zaidi, na tofauti utaiona kwenye ulaini wa keki. Chokoleti ya kunywa yenye sukari na maziwa ndani si kakao ya keki, tusibishane. Kwa sosi, aiskrimu au brauni zisizotiwa soda wala pauda, tumia uipendayo.

Na mlioko Pemba, Wete na Chake, mnaoagizia mzigo wa boti kutoka Unguja, msitume pesa kwa kusikia "ipo". Mwambieni anayewanunulia apige picha nyuma ya mfuko mkubwa, pale palipoandikwa viungo, aitume kabla hakijapimwa kitu. Muuzaji akikataa mfuko wake kupigwa picha, duka la pili halipo mbali.