Majani Yenye Uzi

Mvua za Januari zikishika, mlimao ulioko uani kwangu, mtaa wa Nkuhungu hapa Dodoma, huchipua majani mapya kwa pupa, kana kwamba unajua kuwa mvua za kwetu hazina dhamana. Majani hayo yakishatoka, huja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Papilio demodocus, kutaga mayai yake. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba kipepeo huyu huchagua miti ya jamii ya milimao na michungwa, bila mimi mwenyewe kuwahi kuketi nikamtazama akichagua.

Mwaka huo nikaamua kuketi. Kando ya mlimao nilipanga makopo ya rangi yenye miche ya mlimao, mchungwa, mwembe na mpera, nikachukua kigoda na daftari, na kila siku nikitoka kazini nikawa ninamvizia. Majirani walinisalimu kwa sauti ya chini, kama watu wanaosalimia mgonjwa.

Nilichokiona kilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kipepeo jike hachagui kwa macho peke yake. Hutua juu ya jani huku mabawa yakiendelea kupiga, akaligongagonga kwa miguu ya mbele, na kwa miguu hiyohiyo akaonja kemikali zilizomo, maana ndimi zake za kuonjea majani zimo miguuni. Kwenye mwembe alikuwa akigusa mara moja na kuondoka, mithili ya mteja aliyetajiwa bei. Kwenye mlimao alirukaruka kutoka jani hadi jani, akiyapita yale makubwa yaliyokomaa, na alipofikia chipukizi laini alikunja tumbo na kubandika yai moja tu, la mviringo, rangi ya manjano hafifu, lenye ukubwa wa takribani milimita 1, kisha akaenda kutafuta jani lingine. Hata mche wa mlimao ulioko koponi, wenye majani machache ya kuhesabika, ulipata mayai yake manne.

Ili nisipoteze hesabu, kila jani lililotagiwa nililifunga uzi mweupe kwenye kikonyo. Kufikia Ijumaa ya wiki ya pili nilikuwa na nyuzi 23 mtini na kurasa sita za maelezo, na nilikwisha kuanza kujiita mtafiti, kimoyomoyo.

Jumamosi akaja mama mkwe kutoka Mpwapwa, na karanga na mlenda mkavu kwenye mfuko. Wanaotufahamu Wagogo wanajua kwamba mbele ya mama mkwe mwanamume hupunguza maneno na hushusha macho. Nilimwamkia, akaitikia, nikaketi kwenye kiti cha mbali karibu na mlango, nikaanza kuitazama sakafu yangu ambayo ghafla niliiona ina nyufa nyingi.

Mke wangu alileta chai ya rangi. Harufu ya majani ya mlimao ilijaa sebuleni, na kwa kuwa nami ninaipenda, nilikwisha kupiga mafunda mawili nilipoona kitu chembamba cheupe kikielea ukingoni mwa kikombe changu. Ulikuwa uzi, umefungwa fundo ninalolifahamu.

Nilinyanyuka, nikaomba radhi, nikaenda jikoni. Kwenye chujio yalilala majani yangu, yamechemka hadi yamebadilika rangi, na nyuzi zake zimekaa vizuri kwenye vikonyo.

"Mama Neema, majani haya umeyachuma wapi?"

"Si yale laini uliyoniwekea alama? Nikasema leo baba Neema amenifikiria, nisihangaike kuchagua."

Sikuwa na jibu. Kila alichokitafuta kipepeo kwenye jani, yaani ulaini, uchanga na harufu, ndicho anachokitafuta mpishi wa chai, na mimi nilikuwa nimemrahisishia kazi kwa uzi. Mayai hayo yalikuwa yamechemshwa barabara, kwa hiyo hayakuwa na madhara kwa mtu isipokuwa kwa daftari langu. Hata hivyo, lugha ya heshima ya kumwambia mama mkwe kwamba amekunywa mayai ya kipepeo sijafundishwa popote, na niliporudi sebuleni nilimkuta anamiminiwa kikombe cha tatu.

"Chai ya hapa ni nzito," alisema akiitazama ile sakafu upande wake. "Ina kitu ndani. Baba, nitaomba na mche wa mti huu."

Ombi la mama mkwe halijadiliwi. Jumapili asubuhi nilibeba hadi stendi lile kopo lenye mche wa mlimao, na mayai manne yaliyosalia ya utafiti wangu yakapanda basi kwenda Mpwapwa.

Siku 12 baadaye alipiga simu. Alisema kuna ndege asiye na adabu anayenyea mche wake kila siku, naye amelinda tangu alfajiri na hajamwona, na jambo linalomtia mashaka zaidi ni kwamba mavi yale asubuhi huwa kwenye jani hili na jioni huwa kwenye jani lile. Nilieleza, nikiwa nimesimama wima kana kwamba ananiona, kwamba kiwavi mchanga wa kipepeo huyo hujifananisha na kinyesi cha ndege ili asiliwe. Akasema hilo amekwisha kuligundua, kwa sababu ameyachokoa kwa kijiti na yakamtolea pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Kisha akanyamaza kidogo.

"Baba," akasema, "harufu ile naikumbuka. Hebu niambie, ile chai ilikuwa na nini?"

Nikampa simu Mama Neema.