Matone ya Homiopathi Baada ya Hedhi Kukoma: Nafuu Inatoka Wapi?

Mama yangu mdogo ana chupa ya matone ya macho juu ya kabati la chumbani. Aliipata Mumbai, alikokwenda kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji wa moyo. Imeandikwa Euphrasia, jina la mmea wa Ulaya ambao watu wa homiopathi, tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa mno, huutegemea sana kwa magonjwa ya macho. Mama ana miaka 56. Hedhi ilikoma akiwa na 51, na tangu hapo kila jioni macho humchoma kama aliyeinamia jiko la kuni mbichi. Hutia tone moja kila jicho asubuhi na usiku, na anasema anapata nafuu. Ndugu yetu mmoja ambaye ni mfamasia akimwona humwambia, "Mama, hayo ni maji matupu." Naye hujibu, "Basi maji haya yamenifaa kuliko dawa zenu, mwanangu."

Nimeyasikia mabishano hayo mara nyingi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kuwa wote wawili wanasema kweli. Kilichomo chupani ni karibu maji tu, na nafuu ya mama ni nafuu ya kweli. Upande wa mfamasia una watetezi wa kutosha. Wa mama ndio unaopuuzwa, tena na watu wenye elimu ambao wangefaa kuwa wa kwanza kuusikiliza.

Machozi si maji peke yake. Juu ya maji kuna utando mwembamba wa mafuta unaoyazuia yasikauke upesi, na mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizopangwa ukingoni mwa kope, kati ya 20 na 40 hivi kwa kila kope. Tezi hizo huendeshwa kwa sehemu kubwa na homoni za jamii ya androjeni, zile tulizozoea kuziita za kiume ingawa wanawake nao wanazo. Umri ukisogea homoni hizo hupungua, mafuta yanakuwa mazito kama samli iliyoganda, na machozi yanakauka kabla mtu hajapepesa tena. Jicho likihisi ukavu hujitetea kwa kumwaga maji mengi kwa mkupuo. Ndiyo maana mwanamke mwenye macho makavu huweza kuingia kliniki akifuta machozi kwa ncha ya kanga, na akiambiwa macho yake ni makavu anaona hakusikilizwa.

Mama hata hilo hakuambiwa. Alikwenda kliniki moja ya macho, akakaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, akaonwa saa sita mchana kwa dakika zisizozidi tano. Alisomeshwa herufi za ukutani, akaandikiwa miwani ya kusomea, na alipotaja kuchomwa na macho akajibiwa kuwa ni umri. Hakuna aliyemuuliza hedhi ilikoma lini, wala anameza dawa gani. Kumbe kila usiku alikuwa akimeza kidonge cha mzio, na vidonge vingi vya aina hiyo hukausha machozi. Swali moja tu lingetosha kulifichua hilo.

Wapo wanaoona jibu ni jepesi: homoni zimepungua, basi zirudishwe. Mwaka 2001 ulichapishwa uchambuzi wa utafiti mkubwa wa afya ya wanawake nchini Marekani, uliohusu zaidi ya wanawake 25,000 waliokoma hedhi. Waliokuwa wakitumia estrojeni, homoni ya kike, peke yake walikuwa na uwezekano wa kuwa na macho makavu uliozidi kwa asilimia 69 ule wa wasiotumia. Waliochanganya estrojeni na projestini, homoni nyingine ya jamii hiyo, ulizidi kwa asilimia 29. Tena kila miaka 3 ya kuendelea na homoni iliupandisha kwa asilimia 15. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kuwa homoni ndizo zilizosababisha, na wapo wanawake wanaozihitaji kwa sababu nyingine nzito. Lakini mwanamke aliyeambiwa tatizo ni homoni, akaongezewa homoni, macho yakazidi kuchoma, kisha akaenda kutafuta mlango mwingine, ana haki ya kutoitwa mjinga.

Kwa mama mlango huo ulikuwa Mumbai. India homiopathi ina sheria yake tangu 1973, ina vyuo na mabaraza, na ofisi zake ziko mitaani kama maduka ya dawa. Alikaa mbele ya mtaalamu akaulizwa joto la ghafla humjia saa ngapi, machozi yake yanachoma mashavu au hayachomi, anaumia zaidi kwenye upepo au kwenye mwanga, analala vipi, kitu gani kinamhuzunisha tangu watoto waondoke nyumbani. "Saa nzima, mwanangu," aliniambia, "na hakutazama saa hata mara moja."

Kuna utafiti mmoja ambao kila nikiwasikia watu wakibishania homiopathi huurudia. Haukuwa wa macho, ulikuwa wa baridi yabisi, ulifanyika kusini mwa Uingereza kwa wagonjwa 83 na ukachapishwa mwaka 2011. Wagonjwa wote waliendelea na dawa zao za hospitali. Juu ya hizo, baadhi walipewa dawa za homiopathi na wengine vidonge visivyo na kitu, bila wao kujua nani kapewa nini. Uzuri wake ni kwamba watafiti walitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huja pamoja: dawa, na yale mazungumzo marefu na mtaalamu. Kundi moja lilipata mazungumzo, jingine halikupata. Waliozungumza na mtaalamu walipata nafuu zaidi, hata wale waliopewa kidonge kitupu. Waliopata dawa ya homiopathi bila mazungumzo hawakupata chochote cha kuwazidi wenzao.

Wapinzani husoma matokeo hayo wakaishia kwenye sentensi ya dawa, kwamba haikufanya kazi. Mimi hunisumbua ile nyingine. Mgonjwa alipata nafuu kwa sababu mtu alimkalisha akamsikiliza, na kitu hicho hakimilikiwi na homiopathi. Kingeweza kutolewa na muuguzi, na tabibu, na daktari wa macho. Tumekiacha, na wale tunaowadharau ndio waliokiokota.

Ushahidi wa pili unahusu macho makavu yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la watu 535 wenye macho makavu ya wastani hadi makali. Wengi wao walimeza gramu 3 za mafuta ya samaki, omega-3, kila siku kwa mwaka mzima, na waliobaki walimeza vidonge vya mafuta ya zeituni bila kujua. Usumbufu wa macho ulipimwa kwa kipimo cha pointi 0 hadi 100. Wa omega-3 walishuka pointi 13.9, wa zeituni pointi 12.5. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa na maana, na omega-3 ikaonekana haina la ziada.

Tuzitazame zile 12.5 tena. Ni watu wazima waliosumbuka kwa muda mrefu, na wengi wao walipata ahueni ya kuhisika kwa kumeza mafuta ambayo kila mmoja angeweza kumiminia kachumbari. Hawakusema uongo. Macho makavu hupanda na kushuka, na mtu hutafuta tiba siku yalipofikia kilele, kwa hiyo mara nyingi yatakayofuata ni kushuka. Juu ya hapo alikuwa anafuatiliwa, akiulizwa hali, na huenda akawa anapepesa kwa makusudi au anayapumzisha macho kwa kuiweka simu kando. Vivyo hivyo kwa mama. Tena yeye ana kitu cha ziada: maji safi yenye chumvi kidogo yakidondoka kwenye jicho kavu yanalilainisha papo hapo, yakiwa na Euphrasia au bila Euphrasia.

Ila namba ile ile inayomtetea mama inaiumbua chupa. Kama mafuta ya zeituni yanaweza kushusha pointi 12.5, basi mtaalamu yeyote anayesema "wagonjwa wangu wamepona" bila kundi la kulinganisha nalo hajatuonyesha kitu. Na homiopathi ilipolinganishwa haikusimama. Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyeianzisha mwaka 1796, aliamini kinacholeta dalili kwa mwenye afya huiponya dalili hiyo kwa mgonjwa, na kwamba dawa huzidi nguvu kadiri inavyozimuliwa na kutikiswa. Dawa iliyozimuliwa hadi daraja la 6C ina sehemu moja tu ya mmea katika trilioni. Ya 30C haina tena hata chembe ya ule mmea. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti 176 zilizohusu maradhi 61, na halikuona hata moja ambalo homiopathi imethibitika kulitibu. Uingereza iliwashauri madaktari wake waache kuandika dawa za homiopathi mwaka 2017, Ufaransa ikaacha kuzilipia mwaka 2021. Uswisi bado inazilipia, kwa hiyo siasa yake haijaisha, lakini kisayansi sioni tena shaka kwamba haitibu. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake. Mtoa tiba aliyesajiliwa anastahili heshima ya sheria, ila usajili wake hauthibitishi kuwa tone fulani linatibu jicho.

Je, matone yenyewe yana madhara? Si kila kilichoandikwa homiopathi kimezimuliwa hadi kutoweka. Belladonna, mmea wenye atropini, ukibaki kwa kiasi unaweza kutanua mboni, na kwa mwenye macho yenye pembe nyembamba, yaani njia finyu ya kutolea maji ya ndani ya jicho, hiyo inaweza kuamsha shambulio la presha ya macho. Septemba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziandikia onyo kampuni 8 zilizouza bidhaa za macho zisizoidhinishwa, baadhi zikiwa za homiopathi na baadhi zikiwa na madini ya fedha, ambayo yakitumika muda mrefu yanaweza kuigeuza ngozi na jicho rangi ya kijivu ya kudumu. Haki lakini itendeke pande zote: mwaka huo huo wa 2023 matone ya kawaida ya kulainisha macho, yasiyo ya homiopathi, yalihusishwa Marekani na bakteria sugu waliowapata watu 81. Wanne walikufa, 14 walipoteza uwezo wa kuona, na wengine 4 walitolewa jicho. Tone lolote linaloingia jichoni lazima liwe safi, na hilo halitegemei limeandikwa nini kwenye karatasi ya chupa.

Hata hivyo hofu yangu kubwa haiko chupani. Iko kwenye miaka inayopita chupa ikitumika. Umri unaoleta macho makavu ndio unaoleta pia mtoto wa jicho na glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa kuonea, mara nyingi kwa presha ya macho kupanda. Mtoto wa jicho hana tone la kumyeyusha, pamoja na matone ya Cineraria yanayouzwa kwa ahadi hiyo; hutolewa kwa upasuaji, na akicheleweshwa bado anaweza kutolewa. Glakoma haina subira hiyo. Haiumi, haiwashi, hula pembezoni mwa uono kimyakimya, na ilichokula hakirudi. Wilayani Kongwa, Dodoma, uchunguzi wa miaka ya 1990 uliopima zaidi ya watu 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea uliikuta kwa karibu asilimia 4. Mwanamke anayepata nafuu ya kuchomwa na macho ana kila sababu ya kuamini macho yake yanapona. Nafuu yenyewe inaweza kumlaza usingizi.

Inauma zaidi kwa kuwa tiba ya glakoma hatuko mbali nayo. Jaribio lililofanywa hospitali ya KCMC, Moshi, likachapishwa mwaka 2021, lilihusisha wagonjwa 201. Mwanga wa leza ulifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho baada ya mwaka mmoja, wakati matone ya kila siku ya timololi, dawa ya kushusha presha ya macho, yalifanikiwa kwa asilimia 31. Lakini ili mtu afike kwenye leza, lazima kwanza apimwe.

Mtaalamu wa Mumbai, kwa saa yake nzima, hakumpima mama presha ya macho. Kliniki ya mjini, kwa dakika zake tano, nayo haikumpima. Hapo ndipo ninapowalaumu wote wawili, ila kliniki nailaumu zaidi, kwa sababu kifaa walikuwa nacho mezani.

Sikumwambia mama aitupe chupa. Nilimwomba twende pamoja kwa daktari mwingine, nikiwa na karatasi ya dawa zake zote. Kidonge cha mzio kikabadilishwa. Akafundishwa kuweka kitambaa safi chenye uvuguvugu juu ya kope dakika kumi kila usiku ili mafuta yalainike, kisha kuzikanda taratibu kuelekea ukingo, na kuiondoa feni iliyokuwa ikimpuliza usoni. Presha ya macho ilipimwa, ikakutwa ya kawaida, na tukapewa tarehe ya mwakani.

Jioni macho humchoma kidogo kuliko zamani. Yeye anasema ni Euphrasia pamoja na kitambaa, nami sibishani naye. Nimechukua kalamu tu nikaandika kwenye chupa siku aliyoifungua, tukakubaliana wiki nne zikitimia inatupwa hata kama haijaisha, na kabla ya kufungua nyingine ataniambia kwanza.